Mvua za Mwisho Nazo ni za Kupandia



Watu wawili watatu wameniuliza pale mlangoni kwa nini mazungumzo ya bustani ya kipupwe yafanyike mwishoni mwa Aprili, nje kuna tope na miavuli yenu inachuruzika humu ndani. Niliomba mwenyewe iwe leo. Mngenisikiliza Juni, tungekuwa tunapanga bustani ya mwakani.

Wahenga walisema mvua za kwanza ni za kupandia, na kwa mahindi hilo halina ubishi. Mboga za majira ya baridi zina hesabu yake. Hizo hupandwa kwa mvua za mwisho. Hilo ndilo neno nililokuja nalo. Yanayobaki ni maelezo.

Nilihamia Iringa mwaka 1991 nikitokea Tanga, kichwani nikiwa na kalenda ya Pwani. Kule kwetu kipupwe ni neema: masika imekwisha, joto limeshuka kidogo, kusi inavuma, na mtu akitupa mbegu yoyote inaota. Basi Juni yangu ya kwanza hapa nikalima kipande nyuma ya nyumba niliyopanga, nikasia bamia, mchicha na kunde alizonifungia mama kwenye kitambaa. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Bibi jirani, Mhehe wa Kalenga, alikuwa akinitazama kila siku kutoka upande wa pili wa wigo, kajitanda blanketi. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu," akaniambia, "hizo mbegu umepanda au umezika?"

Nilicheka kwa aibu. Jumamosi iliyofuata akanishusha bondeni, akanionyesha kinyungu chake.

Wenyeji mnavijua vinyungu kuliko mimi, ila naona humu wapo wageni kama nilivyokuwa, na wapo vijana wa mjini ambao bonde wanalipita kwa bodaboda tu. Iringa na Njombe tuna msimu mmoja wa mvua: zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha ni ukavu hadi Novemba nyingine. Shamba la mlimani likishavunwa linabaki vumbi. Bonde ndilo linalobaki na maji, kwa sababu mvua iliyonyesha mlimani hushuka taratibu chini kwa chini na huchukua miezi kufika. Mkulima wa kinyungu anaufuata unyevu huo. Maji yakianza kupungua bondeni anachimba mifereji, anapindua nyasi pamoja na udongo wake, anazilaza chini na kuinua matuta juu yake. Nyasi zinaoza humo humo. Bibi yule mfereji wake ulikuwa na kazi mbili: mwanzoni kutoa maji yaliyozidi, na baadaye, ukavu ukikolea, aliuziba kwa magugu na udongo ili maji yasimkimbie.

Kinyungu chenyewe kilikuwa kidogo, kama hatua 20 kwa 10. Lakini ilikuwa Juni, wiki ileile ambayo bustani yangu ilikuwa makaburi, na kwake njegere zilishatoa maua, figiri ilikuwa inachumwa, kabichi zimeanza kujikunja. Nikamuuliza alipanda lini. Hakunitajia mwezi. Alisema: "Mvua ilipokuwa inaaga."

Sitawaambieni mkalime kandokando ya Ruaha Mdogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, na vinyungu vingi vilikuwa humo humo ndani ya hizo mita 60. Ni sheria iliyo sahihi kwa mto na ngumu kwa bibi, na sidhani kama wanaoitekeleza wamewahi kukaa naye wakamuuliza njegere zake atazipeleka wapi. Hayo yana mkutano wake. Leo nataka tuchukue maarifa ya kinyungu tuyapandishe huku juu, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mto haudaiwi chochote.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi. Baridi ya hapa mjini haiui mboga. Tuko mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Mnaoshuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni mnaijua hesabu hiyo kwa mwili: mnavua sweta njiani. Usiku wa Julai hapa unaweza kushuka hadi nyuzi 10, mchana ukapanda hadi 24. Kwa kabichi hayo ni maisha ya kifalme. Ila kila kitu kinakwenda taratibu. Mbegu inachelewa kuota, mzizi unachelewa kunywa, hata samadi inachelewa kuoza, maana vijidudu vinavyoiozesha navyo vinaona baridi. Mchicha ambao Februari nauchuma siku ya 25, kuna Julai ulinifikisha siku ya 45.

Mchicha una sababu yake ya ziada. Namna unavyotumia jua ni ile ya mahindi, mtama na miwa: jua kali likiwaka ndipo unapokimbia, baridi ikiingia unazubaa. Bamia nayo inataka udongo wenye joto, vinginevyo mbegu inalala na kuoza. Sukuma wiki, kabichi, figiri, chainizi, karoti, letusi na njegere ni kabila jingine. Hizi zinateseka kwenye joto. Kabichi inagoma kufunga, letusi inakimbilia kutoa maua na kuwa chungu, mbegu yake hata kuota inakataa ardhi ikipata moto sana. Usiku wa baridi, mboga kama sukuma wiki na karoti hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, kwa sababu maji yenye sukari hayagandi upesi. Kwa hiyo mnaposema sukuma wiki ya Julai ina utamu kuliko ya Januari, hamjidanganyi.

Na spinachi? Majani yale mapana yenye shina nene jeupe tunayoyaita spinachi sokoni ni ndugu wa bitiruti, siyo spinachi yenyewe wanayoila Ulaya. Tumepata bahati katika makosa hayo, kwa sababu ndugu huyu wa bitiruti anavumilia baridi na anavumilia joto, na ukimchuma majani ya nje tu anaendelea miezi mingi. Mwenye nafasi ya mmea mmoja apande huo.

Sasa tuhesabu kurudi nyuma. Kabichi inakaa kitaluni wiki 5 hadi 6. Ikishapandikizwa inataka miezi 3, na kwa ubaridi huu wakati mwingine inakaribia 4. Anayetaka kukata kabichi mwishoni mwa Agosti alipaswa kusia mbegu katikati ya mwezi huu. Kama hukusia, sia kesho, utakula Septemba. Njegere husiwa palepale zitakapokaa, na wiki yake ni hii. Karoti vilevile hazitaki kuhamishwa, mzizi ukiguswa unatoka na miguu mitatu. Zisieni kabla ya katikati ya Mei, muwe na subira, maana kuota kwake tu ni wiki mbili au zaidi. Changanyeni mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, funikeni mstari kwa nyasi chache, na zikichomoza tu muondoe nyasi siku ileile. Vitunguu saumu vinahitaji baridi ndipo kichwa kigawanyike vipunje. Wenzetu wa Mbulu, wanaosifika kwa zao hilo, wanalijua vizuri. Hapa kwetu vingekuwa ardhini tayari, lakini mwenye vipunje jikoni avichomeke wiki hii, havitakuwa vikubwa ila vitaliwa.

Chainizi ni ya watu wasio na subira: wiki 6 au 7 tangu kupandikiza unakula. Msipande yote siku moja. Pandeni mstari mmoja, baada ya wiki 3 mstari mwingine, la sivyo mtakula chainizi asubuhi, mchana na jioni wiki nzima, kisha basi.

Nyanya ngojeni. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 13 hivi, maua ya nyanya hupukutika bila kushika tunda. Wekeni kitalu cha nyanya Julai, miche iende shambani mwishoni mwa Agosti, itakapofika kuchanua ardhi itakuwa imeamka. Bamia nimezisamehe. Nikizitaka napiga simu Tanga.

Nije kwenye kiini cha neno la bibi. Kwa nini mvua ikiaga? Kwa nini usisubiri mvua ikatike, tope likauke, ulime kwa raha na kumwagilia?

Chukueni bustani ya mita 2 kwa 5, mita za mraba 10. Mboga zikishafunika ardhi, bustani hiyo inakunywa lita 40 hivi kwa siku, yaani ndoo mbili za lita 20. Kwa mwezi ni lita 1,200. Mnaijua hali ya mabomba yetu mwezi Septemba. Lakini udongo wa tifutifu uliotifuliwa kina cha nusu mita unaweza kushika lita 50 hadi 70 kwa kila mita ya mraba, maji ambayo mizizi inaweza kuyafikia na kuyanywa. Kwa bustani yetu hiyo ni lita 500 hadi 700. Ni kama mtu amekuja usiku akakuzikia matangi chini ya miguu, bure. Matangi hayo yanajazwa na mvua za sasa. Ukilima Juni unayafungua na kuyaanika. Ukilima leo, mvua mbili tatu zilizobaki zinayajaza, mche unaingia ardhini kukiwa na joto la kukuzia mizizi, na Julai inapofika mizizi iko chini, inakunywa Aprili.

Kwa hiyo tokeni na jembe wiki hii. Tifueni kwa kina, si kukwangua. Samadi iliyooza, debe moja kwa kila mita mbili za mraba, ichanganyike na udongo sasa hivi ambapo ardhi bado ina joto la kuendelea kuimeng'enya. Samadi mbichi, hasa ya kuku, itawaunguzia miche. Hiyo irundikeni pembeni na majani, itakuwa mboji ya mwakani. Mwanzoni ardhi iacheni tambarare, kwa sababu mvua kubwa moja inaweza kuja bado. Mvua zikikatika kabisa, hapo vuteni udongo kutoka katikati kwenda pembeni ili kitanda kizame kiasi cha kiganja kimoja, chenye kingo kama sinia. Hapa ndipo watu wanaposhika umbo la kinyungu na kusahau maana yake. Bondeni tuta linainuliwa kwa sababu maji ni mengi. Uwanjani kwako maji ni ya ndoo, ukiinua tuta unaipa kusi nafasi ya kulikausha pande zote.

Halafu matandazo. Mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani ya maharage, nyasi zisizo na mbegu, unene wa vidole vinne, yawekwe mara tu miche ikisimama. Wenye ndugu Makete au sehemu za juu za Njombe wasiwapelekee ushauri huu hivi hivi. Kule kuna jalidi. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto lake kuelekea angani, hewa baridi inatelemka kama maji na kujaa mabondeni, alfajiri viazi vimekuwa vyeusi. Ardhi tupu yenye unyevu huhifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku. Ardhi iliyofunikwa matandazo hailipati hilo joto tangu mwanzo. Kwa hiyo wao usiku wa hatari matandazo wayasogeze kando, na udongo uwe umemwagiliwa mchana. Sisi wa mjini jalidi tunaisikia kwenye simu tu.

Mahali pa kuweka bustani pananipa tabu kuliko yote, kwa sababu watu huchagua Aprili na kujuta Juni. Jua halikai mahali pamoja. Sisi tuko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini yetu, mbali na utosi. Ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha zaidi ya mita 1 kuelekea kusini saa sita mchana, na asubuhi na jioni kinarefuka. Desemba mambo yanageuka, jua linahamia kusini na kivuli kinaangukia kaskazini. Mtu anaona sehemu ya kusini mwa nyumba imeng'aa Desemba, anaipenda, analima. Ikifika Juni miche inaishi kwenye friji. Bustani ya kipupwe iwe kaskazini mwa ukuta. Hapo unapata jua siku nzima, tofali za kuchoma zinakunywa joto mchana na kulitoa usiku, na ukuta huohuo unakinga upepo, maana kusi inatoka kusini mashariki. Asiye na ukuta asimike wigo wa mabua ya mahindi upande huo. Kusi kavu inanyonya maji kwenye jani kuliko jua.

Kuhusu kumwagilia, Pwani nilifundishwa jioni, maji yasiruke na jua. Hapa nimebadili dini. Jani lililolala na maji kwenye baridi linaamka na ukungu: ubwiri vinyoya kwenye chainizi na vitunguu, na bakajani chelewa kwenye nyanya na viazi. Hilo bakajani ndilo lililoharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu karibu milioni moja wakafa, kwa hiyo msilichukulie kama doa la jani tu. Mwagilieni asubuhi, jua likishatoka, na maji yaende kwenye shina. Mara moja kwa kushiba ni bora kuliko mara tatu za kulowesha vumbi, kwa sababu maji ya juujuu huifundisha mizizi kukaa juujuu.

Wadudu wa kipupwe ni wachache. Vidukari ndio wakorofi, wanajaa chini ya jani la sukuma wiki siku kavu zikiendelea. Siku za kwanza vidole vinatosha, bonyezeni. Wakizidi, kijiko cha sabuni ya maji kwenye lita ya maji, nyunyizieni chini ya jani, rudieni baada ya siku nne, osheni mboga kabla ya kupika. Majivu watu wanayapenda sana. Kidogo yanasaidia, lakini ndoo kwa ndoo kila mwaka yanaufanya udongo uwe mchungu kwa mimea. Kiwavi anayekata mche usiku, sota, mtafuteni asubuhi kwa kijiti pembeni ya mche ulioanguka. Yuko hapohapo, kajikunja, ameshiba. Mpelekeeni kuku.

Naona mkono wa dada pale nyuma, na nadhani najua swali lake: mimi ni mpangaji, mwenye nyumba ameweka zege uwanja mzima. Gunia. Chukua kiroba cha sandarusi cha kilo 100, chukua kopo kubwa lililotobolewa kitako, liweke katikati na ujaze kokoto, pembeni yake jaza udongo uliochanganywa na samadi, kisha vuta kopo juu, jaza tena, mpaka mwisho. Unabaki na nguzo ya kokoto inayoteremsha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, kila tundu mche mmoja wa sukuma wiki au spinachi. Gunia moja linabeba miche 20 hadi 30. Nalo liwekwe kaskazini mwa ukuta, na siku ya kuhama unakwenda nalo, kama hukulijaza kupita uwezo wa mkokoteni.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende bustanini. Ya kufulia yaliyojaa sabuni yapeleke kwenye migomba, usiyamwage kwenye letusi.

Bibi yule alifariki miaka mingi iliyopita. Kila mwaka, mvua zikifika hivi, nilikuwa namkuta kwenye wigo na kifurushi cha mbegu za figiri alizozikausha mwenyewe, amezifunga kwenye kipande cha gazeti. Nimeendelea kuzivuna mbegu zile hadi leo, maana ni za kienyeji, si chotara, zinazaa kilekile ulichopanda.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Pale mlangoni, chini ya meza ya miavuli, kuna boksi mbili. Ni miche ya figiri hiyo, ina wiki nne, majani manne manne. Kila mtu achukue mitano. Ifungieni mizizi kwenye jani la mgomba lenye unyevu, na muipandikize leo jioni, mvua ikiwa bado inanyesha. Maswali nitayajibu huku tukigawana.